Je, binadamu aliumbiwa mwenzi mmoja?

Daktari huambiwa mambo ambayo kasisi na mzee wa ukoo hawaambiwi. Mojawapo ni hili, nalo husemwa mlango ukishafungwa: "Daktari, mwanamume hawezi kutosheka na mke mmoja. Ndivyo tulivyoumbwa." Mara nyingi msemaji huwa amekuja kwa sababu ya kisonono, na pengine si mara yake ya kwanza. Anataka dawa, lakini anataka pia nitikise kichwa kukubali kwamba kosa si lake bali ni la maumbile.

Siku nyingine huingia mama ambaye hushikilia kinyume chake. Kwake yeye, mume mmoja na mke mmoja hadi kaburini ndiyo asili ya binadamu, na mume anayetoka nje ana ugonjwa ambao bila shaka una dawa yake. Huyu naye anataka niiandike dawa hiyo.

Wote wawili wanayaita maumbile yawatolee ushahidi. Leo nimeonelea tumwite shahidi huyo kizimbani, tumhoji kwa makini, kwani watu wengi humnukuu bila kumsikiliza.

Kwanza tuligawe swali lenyewe, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu. Kuishi wawili wawili ni jambo moja. Kulala na huyo mmoja pekee ni jambo la pili. Kufanya hivyo mpaka kufa ni la tatu. Wataalamu wa wanyama nao waliyachanganya mambo haya kwa miaka mingi, mpaka ndege wakawatia aibu.

Ndege na digidigi

Katika kila aina 100 za ndege, karibu 90 huishi dume na jike pamoja, wakijenga kiota na kulisha makinda kwa zamu. Ndiyo maana ndege wakawa mfano wa ndoa njema. Kuanzia miaka ya 1980, uchunguzi wa DNA ulipopatikana, watafiti walichukua damu ya makinda wakailinganisha na ya wazazi. Katika aina nyingi walikuta makinda ambayo baba yao si yule anayewaletea wadudu, bali ni jirani wa mti wa pili. Na si madume peke yao waliokuwa wakizurura. Majike pia walikuwa na safari zao.

Kwa wanyama wanaonyonyesha, hata kuishi wawili wawili tu ni nadra. Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013 uliohusu zaidi ya aina 2,500 za wanyama hao, walipata kwamba ni aina 9 hivi katika kila 100 zinazoishi namna hiyo. Mmoja wao ni wa hapa kwetu: digidigi, yule paa mdogo ambaye ukipita Tsavo utamwona vichakani, na ukitazama tena utamwona mwenzake. Watafiti waliowapima digidigi kwa DNA nchini Namibia, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997, hawakumpata hata mtoto mmoja wa nje.

Hata hivyo, msikimbilie kumfanya digidigi kuwa msimamizi wa harusi. Dume huyu hamsaidii jike kulea. Anachofanya ni kumfuata kila aendako, na jike akienda haja yeye hufunika kinyesi chake kwa cha kwake, jirani asije akanusa na kujua kwamba kuna jike hapo. Huo ni uaminifu wa askari jela. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya waume ninaowajua huudhibiti ulimwengu wa wake zao kwa mtindo huu wa digidigi, simu ikipekuliwa na safari ya sokoni ikihesabiwa dakika, na wao huliita jambo hilo mapenzi.

Mwili wa binadamu wasema nini?

Tuuache msitu, tumpime binadamu mwenyewe. Chukua uzito. Gorila dume huwa mzito karibu mara mbili ya jike, kwa kuwa dume mmoja hushika majike kadhaa na lazima awashinde madume wengine kwa nguvu. Giboni, wanaoishi wawili wawili katika misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, dume na jike hukaribia kulingana. Mwanamume humzidi mwanamke kwa asilimia 15 hivi. Yuko karibu na giboni kuliko gorila, lakini hajamfikia.

Chukua korodani. Mwaka 1981 Alexander Harcourt na wenzake walilinganisha uzito wa korodani na mwenendo wa kujamiiana wa sokwe, nyani na jamaa zao. Za sokwe dume, mnyama wa kilo 45 hivi, hufika gramu 120 zikipimwa pamoja. Za gorila, jitu la kilo 170, ni gramu 30 tu. Sababu yake inaeleweka. Jike wa sokwe anapokuwa kwenye joto hupandwa na madume wengi kwa siku chache, basi mbegu zao hushindana mumo kwa mumo, na mwenye kiwanda kikubwa ndiye hushinda. Gorila akishawafukuza washindani wake hana haja ya kiwanda. Je, mwanamume? Ni gramu 40 hivi. Wanaojigamba kwenye baa wayakumbuke haya, kwani kwa kipimo hiki sokwe ametuacha mbali sana.

Kuna pia mtoto. Sokwe jike hulea peke yake, na mtoto wake akishaachishwa ziwa hujitafutia chakula. Mtoto wa binadamu huachishwa ziwa mapema, kisha akaendelea kula jasho la wengine kwa miaka kumi na mitano au zaidi. Mama mmoja hawezi mzigo huo, hasa akiwa na mwingine mgongoni na mwingine tumboni. Baba, nyanya, shangazi na ndugu wakubwa wote huingia kazini. Wapo wataalamu wanaosema hapo ndipo asili ya ndoa ilipo, na wapo wanaosema sababu ni nyingine. Wanaendelea kubishana.

Kwa maoni yangu, ushahidi wa mwili ni huu: binadamu ni kiumbe anayeungana wawili wawili na kushikamana, lakini si mwenzake digidigi. Mababu zake hawakuwa mbali na mitara, na macho yake hayapofuki siku ya harusi. Hili ni kweli kwa mume na ni kweli kwa mke pia, ingawa ni mume pekee anayeruhusiwa kulisema.

Mwili mmoja, desturi nyingi

Mmarekani George Murdock alichapisha orodha ya desturi za jamii mbalimbali duniani. Katika jamii 1,231 zilizoorodheshwa, ni 186 pekee zilizokuwa za mke mmoja kwa sheria na desturi. Zaidi ya 1,000 ziliruhusu mume kuoa zaidi ya mmoja, na nne ziliruhusu mke kuwa na waume zaidi ya mmoja. Hizi ndizo takwimu ambazo wapenda mitara hunitolea, nao hawajakosea. Ila wanasahau hesabu rahisi. Wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawa. Mwanamume mmoja akioa wanne, watatu wamekosa, au itabidi wangoje mpaka wazeeke kidogo huku wasichana wakiozwa wachanga. Kwa hiyo hata katika jamii hizo zaidi ya 1,000, waume wengi waliishi na mke mmoja. Ruhusa ilikuwa ya wote, ng'ombe wa mahari walikuwa wa wachache.

Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za mitara chini ya mila na chini ya dini ya Kiislamu, huku ya Kikristo, ya Kihindu na ya serikali zikibaki za mke mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka huo huo ulipata kwamba kama wanawake 11 katika kila 100 walioolewa walikuwa na wake wenza. Wengi wa wale 89 waliobaki waliamini kwamba hawana. Mimi ninayekaa zahanati sithubutu kuwaapia.

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanaishi Wahadza, watu ambao kwa vizazi vingi wamekula nyama ya mwindo, asali na mizizi. Hawana mifugo wala mali ya kurithi. Kwao waume wenye wake wawili ni wachache sana. Lakini pia kwao kuachana si kesi: mmoja huondoka, basi. Wengi huishi na mwenzi mmoja kwa wakati mmoja, na baadhi huwa na wa pili au wa tatu kabla ya uzee. Anayetaka kujua mababu zetu waliishije kabla ya shamba na zizi, nadhani hapo ndipo pa kuanzia, ingawa Wahadza ni watu wa leo kama mimi na wewe.

Neno "maisha yote" nalo limebadilika bila sisi kuambiwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wastani wa umri wa kuishi haukufika miaka 50. Ni kweli wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto wachanga, na wazee walikuwepo. Lakini mama alifia katika uzazi, baba akafa kwa kichomi, na aliyebaki akaoa au akarithiwa. Kiapo cha hadi kifo mara nyingi kilikuwa cha miaka ishirini. Anayeoa leo akiwa na umri wa miaka 27 anaweza kuwa anaahidi nusu karne. Hakuna mnyama aliyewahi kuahidi hivyo, na si ajabu kwamba ahadi yenyewe inahitaji kushughulikiwa.

Kuhusu wanaume wanaoniuliza kama wawapime watoto DNA, nina jibu la kitakwimu. Maarten Larmuseau na wenzake wamechunguza koo za Ubelgiji na Uholanzi kwa karne kadhaa, wakapata kwamba watoto wa nje walikuwa kama mmoja au wawili katika kila 100. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahimba, wafugaji wa kaskazini mwa Namibia, ulipata 48 katika kila 100, na waume wenyewe kwa sehemu kubwa walijua ni yupi wao na yupi si wao. Desturi yao haioni fedheha hapo. Miili ya Mbelgiji na Mhimba haina tofauti yoyote ya kueleza pengo hilo. (Takwimu za maabara za DNA zinazotajwa redioni msizitegemee, kwani wanaokwenda huko ni wale ambao tayari wana shaka.)

Homoni humfuata mtu

Huenda umesoma kuhusu "homoni ya mapenzi". Habari hiyo ilitoka kwa panya wa nyanda za Marekani, ambaye dume na jike wakishajamiiana hushikamana kwa muda mrefu, ilhali binamu yake wa milimani hana habari na mwenzake. Ilionekana kwamba tofauti iko katika jinsi ubongo unavyopokea homoni mbili, oksitosini na vasopresini. Wafanyabiashara wakaanza kuuza oksitosini ya kupuliza puani. Mama anayetaka dawa ya mumewe ajue kwamba mwaka 2023 watafiti walichapisha habari za panya wa aina hiyo hiyo walionyimwa kabisa kipokezi cha oksitosini, na bado waliungana na wenzi wao. Msipoteze pesa.

Kilichonivutia zaidi ni testosteroni, homoni ya kiume. Huko Cebu, Ufilipino, vijana 624 walipimwa, wakapimwa tena baada ya miaka minne na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliokuwa wameoa na kupata watoto homoni hiyo ilishuka sana, na ilikuwa chini zaidi kwa wale waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumtunza mtoto. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walikuwa wameonyesha jambo linalofanana nchini Tanzania. Baba wa Kihadza, ambao hubeba watoto na kulala nao, walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wenzao wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, wafugaji ambao baba hakai karibu na mtoto mchanga, tofauti hiyo haikuonekana.

Hapa ndipo ninapomjibu yule bwana wa kisonono. Anadhani mwili ndio unaomwongoza naye hufuata nyuma. Kwa sehemu kubwa mwili hufuata maisha anayoyaishi. Baba anayembeba mwanawe jioni anapewa damu ya mtu wa nyumbani. Anayepitisha jioni hizo kwenye baa akitafuta wa kumwaga naye maneno, mwili wake unabaki katika hali ya kuwinda. Maumbile yalimpa uwezo wote wawili, na hayakumwandikia ratiba.

Vijidudu havijali asili

Sasa niingie katika kazi yangu hasa. Kijidudu hakiulizi kama jambo ni la asili au la dhambi. Kinauliza kama mlango uko wazi.

Mfikirie mwanamume mwenye wapenzi watatu katika miaka mitatu. Akiwa nao mmoja baada ya mwingine, wa kwanza hawezi kuambukizwa ugonjwa ambao jamaa aliupata kwa wa tatu. Akiwa nao wote kwa pamoja, kijidudu kikiingia popote huenda kila upande. Na virusi vya Ukimwi huwa vingi mno mwilini katika wiki za kwanza, wakati ambapo hata kipimo kinaweza kuonyesha mtu hana. Idadi ya wapenzi ni ile ile, hatari si ile ile. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo katika nchi zetu, lakini jinsi inavyotokea ni dhahiri.

Kwa sababu hiyo hiyo, mitara iliyofungwa, mume na wake wake wasiotoka, si hatari kama "mpango wa kando" wa mume wa mke mmoja. Georges Reniers na Susan Watkins walionyesha mwaka 2010 kwamba katika nchi za Afrika ambako mitara imeenea, Ukimwi haukuwa mwingi zaidi, bali ulielekea kuwa mdogo. Lakini mmoja wao akifungua mlango, nyumba nzima imeingiliwa.

Ugonjwa huu ulitambuliwa nchini mwaka 1984 na kutangazwa janga la kitaifa mwaka 1999. Kwa muda mrefu tuliwanyooshea kidole makahaba na madereva wa malori. Kisha uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ukakadiria kwamba watu 44 katika kila 100 walioambukizwa upya walikuwa wale walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Kitanda cha nyumbani, yaani. Mke aliyeshika ahadi yake neno kwa neno hana kinga yoyote ikiwa mwenzake hakuishika, na mara nyingi yeye ndiye hupimwa kwanza, katika kliniki ya wajawazito, kisha akarudi nyumbani kulaumiwa kwamba ndiye aliyeleta.

Basi nawasihi mambo machache. Kisonono na kaswende hutibiwa wawili, si mmoja. Ukipewa dawa ya kisonono ukamficha mwenzako, utarudi kwangu mwezi ujao. Na hata mkishatibiwa wote, jiepusheni na tendo la ndoa kwa siku saba.

Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ni habari nyingine. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mama akipatikana navyo leo, huenda vilitoka kwa uhusiano wa kabla ya ndoa, wake au wa mumewe. Nimeona ndoa ikivunjwa kwa karatasi hiyo ya maabara, na karatasi yenyewe haikuwa imesema lolote kuhusu uzinzi. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka kumi hapa nchini mwaka 2019.

Halafu wapo wale ambao mmoja ana virusi vya Ukimwi na mwenzake hana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulipata kwamba walikuwa karibu 6 katika kila 100 za ndoa. Jibu hilo halimaanishi kwamba asiye navyo ana damu ya chuma, wala kwamba mwenye navyo alizini juzi, kwani anaweza kuwa alivipata miaka mingi kabla hawajajuana. Mwenye navyo akimeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, havipiti kwa mwenzake kupitia tendo la ndoa. Kabla hajafikia hapo, asiye navyo anaweza kumeza dawa ya kinga, ambayo Kenya ilianza kuieneza mwaka 2017 baada ya kujaribiwa kwa maelfu ya wenzi wa namna hiyo hapa nchini na Uganda.

Wanaotaka kupimwa waje wawili, wakae viti viwili, wasikie majibu kwa pamoja. Na kama mmoja alitoka nje hivi karibuni, warudi baada ya miezi mitatu wapimwe tena, huku wakitumia mpira, maana jibu la leo haliwezi kusema lolote kuhusu wiki iliyopita.